Jua Halitoi Kuvu Kwenye Lenzi

Niianike juani kwa siku ngapi? Karibu kila anayenunua kamera ya Zenit ya mtumba au kurithi Yashica ya babake huuliza hivyo pindi anapomulika lenzi kwa tochi na kukuta nyuzi nyeupe zimetanda ndani. Jibu ni kwamba usiianike hata siku moja, kwa sababu anayeuliza hivyo ameshaamini kuwa kuvu ikifa imeondoka. Nyuzi zilizokufa hubaki zimegandamana na kioo palepale zilipoota, nuru hutawanyika ndani yake vilevile, na picha hutoka imepauka. Shati lililoota madoa ya kuvu kabatini laweza kukaa kwenye kamba mwezi mzima bila madoa kutoka, na hakuna anayelishangaa. Kwa nini lenzi iwe tofauti? Lenye madhara zaidi ni lile lisiloonekana: kuvu hutoa asidi inayokula lile tabaka jembamba la kuzuia mng'ao lililopakwa juu ya kioo, kisha kioo chenyewe, na hakuna jua liwezalo kurudisha kilicholiwa.

Hata huko kuua kwenyewe ni kwa kubahatisha. Wanaotetea jua husema miali ya urujuanimno huua vijidudu, na ni kweli kwa taa za hospitali na maabara, ambazo hutoa miali ya nanomita 254 hivi. Miali mifupi namna hiyo kutoka kwenye jua humezwa na tabaka la ozoni, haifiki ardhini. Ile mirefu kidogo inayofika hupunguzwa tena na vioo vya lenzi, ilhali kuvu mara nyingi imejificha nyuma ya kioo cha pili au cha tatu. Kinachobaki ni joto, na joto ni adui wa lenzi kuukuu. Grisi ya miaka ya 1960 hulainika, mafuta yake yakatambaa hadi kwenye vile vibati vyembamba vya tundu la nuru, vikanata. Gundi inayounganisha vioo viwili huweza kuachia na kufanya mawingu. Zaidi ya hayo, lenzi iliyoelekezwa juani hukusanya miali mahali pamoja na kuwasha karatasi au kitambaa kilicho nyuma yake. Hiyo dawa ni ya kuchoma nyumba.

Wapo watakaopinga kwamba wameona kwa macho yao lenzi ikianikwa na kung'aa. Inawezekana kabisa. Baadhi ya lenzi za zamani, Super-Takumar kadhaa za milimita 50 zikiwemo, zina kioo chenye thori, madini yenye mnururisho ambayo hukifanya kioo kiwe cha manjano kadiri miaka inavyopita, na urujuanimno huo mrefu hurudisha weupe wake. Tiba hiyo ni ya kweli, lakini ni ya ugonjwa mwingine. Wengine huona nyuzi zimekonda baada ya kukauka wakadhani zimekwisha, warudie tochi. Na wale wa kufukia lenzi kwenye mchele wajue kuwa mchele wenye unyevu wa asilimia 14 hutulia sambamba na hewa yenye unyevu wa asilimia 70 hivi, hali ambayo kuvu inaipenda, tena vumbi la wanga wake ni chakula.

Kuvu hutoka kwa kufutwa, na kufuta ni kufungua. Piga picha ya kila hatua, tia alama kila pete kabla ya kuizungusha, tumia ufunguo wa lenzi wala si ncha ya mkasi. Puliza vumbi kwanza. Changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia, nusu kwa nusu, mahali penye upepo; usiuweke mchanganyiko huo kwenye chupa iliyofungwa, na usiusogeze kabisa karibu na jiki. Futa kwa pamba laini kutoka katikati kwenda nje, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha spiriti safi. Dawa ya meno na siki ziache jikoni na bafuni. Kuvu ikiwa kati ya vioo vilivyogundishwa, mpelekee fundi au iache. Baada ya hapo usiirudishe kwenye mkoba wa ngozi: Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam unyevu wa hewa hupita asilimia 70 mara kwa mara. Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli na kipimo cha unyevu, na unyevu humo usizidi asilimia 50.

Ukimaliza ukaona michoro ya nyuzi ingali kwenye kioo kikavu, hayo ni makovu ya asidi, usisugue tena. Wekea lenzi kinga ya jua mbele, epuka kupiga picha ukitazamana na taa, na uendelee kuitumia. Makovu machache hayaonekani kwenye picha nyingi.