Kuchaji Betri Bila Hatari

Siku hizi betri ya gari haikai ndani ya gari tu. Vijijini inawasha taa, inapiga redio na kuchaji simu. Wengine huichaji kwa paneli ya jua iliyo juu ya paa. Wengine huifunga kwenye baiskeli na kuipeleka kwa fundi mwenye umeme.

Betri ni mali. Mtu huuza mahindi au mbuzi ili ainunue. Lakini betri hiyo hiyo ikichajiwa vibaya inaweza kulipuka. Inaweza kumpofusha mtu au kuunguza nyumba. Basi tujifunze kwa nini inalipuka, na namna ya kuichaji salama.

NDANI YA BETRI MNA NINI?

Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mpaka leo inafanya kazi kwa njia ile ile. Ndani mna mabamba ya risasi. Mabamba hayo yamezama katika maji yenye tindikali kali, yaani asidi ya salfa.

Betri ya volti 12 ina vyumba 6. Kila chumba kinatoa volti 2 hivi. Ndiyo maana juu ya betri nyingi utaona vizibo 6.

Ukiwasha taa, nguvu ya betri inatumika, na ile tindikali inapungua ukali. Ukiichaji, umeme unairudishia ukali wake.

HEWA INAYOLIPUKA

Betri inapokaribia kujaa, sehemu ya umeme unaoingia hukosa kazi. Umeme huo huanza kuyagawa maji yaliyomo ndani. Maji hugeuka kuwa hewa mbili: haidrojeni na oksijeni. Ukisikiliza utasikia betri inatokota kama chungu jikoni. Kumbe haichemshwi na moto. Ni hewa hizo zinatoka.

Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ni nyepesi sana, hivyo hupanda na kujikusanya chini ya paa. Ikifika sehemu 4 tu katika kila sehemu 100 za hewa ya chumbani, cheche moja yatosha kuiwasha. Cheche yaweza kutoka kwenye koroboi, sigara, jiko la mkaa au waya uliolegea. Moto ukiifikia betri, betri hupasuka na kurusha tindikali usoni mwa mtu.

Mtu atasema, "Mbona mimi nachaji chumbani miaka yote na sijaona kitu?" Huenda ni kweli. Pengine hewa ilipata dirisha la kutokea, au cheche haikutokea. Lakini siku hewa na cheche zikikutana, hakuna atakayepewa onyo.

NAMNA YA KUCHAJI

1. Chagua mahali. Chaji betri barazani au penye kivuli na upepo wa kutosha. Usichaji katika chumba cha kulala, wala karibu na jiko. Watoto wakae mbali. Mtu asivute sigara hapo.

2. Jitayarishe. Vaa miwani ya kukinga macho. Vua pete, bangili na saa ya chuma. Chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, kinawaka cheche na kukuunguza. Weka ndoo ya maji safi karibu.

3. Itazame betri. Kama imepasuka au inavuja, usiichaji. Kama ina vizibo, fungua uangalie ndani kwa tochi. Usimulike kwa kiberiti hata siku moja! Mabamba yakionekana makavu, ongeza maji ya kuyafunika tu. Usijaze sana, kwa kuwa maji hupanda wakati wa kuchaji. Utaongeza yaliyobaki betri ikishajaa. Betri isiyo na vizibo usiifungue kwa nguvu.

4. Funga waya kabla ya kuwasha chaja. Waya wa chanya (+) uende kwenye chanya. Waya wa hasi (-) uende kwenye hasi. Ukishahakikisha umekaza, ndipo uwashe. Wakati wa kumaliza, zima chaja kwanza, kisha toa waya. Ukizitoa huku chaja inawaka, utapata cheche pale pale penye hewa.

5. Usiwe na haraka. Tazama ubavuni mwa betri uone imeandikwa Ah ngapi. Gawa kwa 10. Betri ya Ah 70 ichajiwe kwa ampea 7, au pungufu. Ikiwa imeisha kabisa, itachukua saa 10 au zaidi. Fundi akikuambia, "Subiri saa mbili tu, nitaijaza," usikubali. Umeme mwingi wa ghafla unaipasha betri moto, unapinda mabamba, na kutoa hewa nyingi. Ukiigusa betri ubavuni ukaona ni ya moto, zima chaja, iache ipoe.

6. Ikijaa, zima. Betri iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa, hupimwa volti 12.6 au 12.7. Kama unatumia paneli ya jua, usiunganishe paneli na betri moja kwa moja. Nunua kidhibiti chaji. Chombo hicho huzuia umeme usiendelee kuingia kwa wingi betri inapofika volti 14.4 hivi.

Tena, usiiache betri tupu kwa siku nyingi. Mabamba huota ukoko mgumu na betri haishiki chaji tena. Ichaji mapema.

MAJI YA BETRI NI YAPI?

Hapa wengi hukosea. Madukani vitu viwili huweza kuitwa "maji ya betri". Kimoja ni tindikali. Kingine ni maji matupu yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka: "Hii ni tindikali au ni maji?"

Betri inayotumika huongezwa maji yaliyokenekwa tu. Maji ndiyo yanayopungua kwa kugeuka hewa. Tindikali inabaki ndani. Ukiongeza tindikali, unazidisha ukali na kuyala mabamba. Usitie maji ya kisima, ya mto, wala ya chupa ya kunywa. Yana chumvi, na chumvi huharibu betri.

TINDIKALI IKIKURUKIA

Ikiingia jichoni, usilisugue. Osha papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali upesi. Ikimwagika mwilini, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji mengi. Ikimwagika sakafuni, mwagia magadi yaliyokorogwa katika maji. Magadi huua ukali wa tindikali. Lakini usitie magadi jichoni. Jicho ni maji safi tu.

BETRI ZA LITHIAMU

Betri za simu, za taa nyingi za jua, na za vigari vya watoto vinavyoendeshwa kwa rimoti mara nyingi ni za lithiamu. Hizi hazina maji ya kuongeza. Kila moja ichajiwe kwa chaja yake. Usiichaji kwa chaja ya betri ya gari, maana inaweza kushika moto. Usiichaji juu ya kitanda. Ikivimba, iache kabisa, wala usiitoboe.

Ndugu msomaji, betri haidai mambo mengi. Inataka hewa, inataka maji yake, na inataka muda. Ukiinyima hivyo, hasara ni yako na ya watoto wako. Waeleze jirani zako, na muulize fundi wako anachajia wapi betri za watu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini si vizuri kuchaji betri ndani ya chumba kilichofungwa?
2. Betri ya Ah 50 ichajiwe kwa ampea ngapi?
3. Mwenzako amerukiwa na tindikali jichoni. Utafanya nini kwanza?