Gari la zamani kutoka Japani: kabla ya kusifia injini, mtoto atakaa wapi?

Korogwe na Handeni, gari likiingia nyumbani kwa mara ya kwanza halikosi watu. Majirani hutoka, boneti hufunguliwa, na fundi wa mtaa huinama kusikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Shemeji huuliza linakula mafuta kiasi gani. Wakati huo watoto wameshajaa siti ya nyuma, mmoja kasimama katikati, mwingine kapakatwa na dada yake. Ni mara chache mtu atakayeuliza mikanda yao iko wapi.

Swali hilo linafaa kuulizwa mapema, kabla hata pesa haijatumwa. Gari la miaka 15 au 25 linaweza kuwa na injini nzima na bodi inayong'aa, lakini vifaa vya kumlinda mtoto vikawa vimechakaa, vimefichwa, au havikuwahi kuwekwa tangu kiwandani.

Chukulia mfano wa familia ya wafanyabiashara wa mahindi na machungwa Handeni mjini. Wana watoto watatu: wa miaka 9, wa miaka 4 na wa miezi 8. Baba alikua akiziona Land Rover na Land Cruiser zikitoka kwenye mashamba ya mkonge, na moyo wake uko kwenye Land Cruiser ya miaka ya 1990, ile ndefu yenye mabenchi ya ubavuni nyuma. Anasema barabara za vijijini zinataka gari gumu. Mama hapingi. Anauliza tu mtoto wa miezi 8 atafungwa wapi.

Kwa nini linauzwa

Magari mengi ya mtumba yanayoingia Tanzania yanatoka Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Huko gari jipya hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, una gharama. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo hupanda. Wenye magari wengi huona heri waliuze mnadani kuliko kuendelea kulilipia.

Kwa hiyo gari kuuzwa si lazima liwe bovu. Lakini linapofika mnadani hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama, na mzazi anapaswa kuiomba kwa muuzaji na kuisoma. Herufi R au RA kwenye sehemu ya daraja kwa kawaida humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Gari la namna hiyo laweza kutembea vizuri, ila bodi iliyonyooshwa huenda isihimili ajali ya pili kama ile ya mwanzo. Muuzaji akisema karatasi hiyo haipo, hilo nalo ni jibu.

Hesabu inayomsahau mtoto

Bei ya mtandaoni huwadanganya wengi. Ile inayoitwa FOB ni ya gari likiwa bandarini Japani, na CIF inaongeza bima na nauli ya meli mpaka bandari ya huku. Kodi huja baada ya hapo, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo chake cha thamani ya magari yaliyotumika. Risiti ya muuzaji pekee haitoshi kujua kitakacholipwa.

Tuseme gari la abiria lenye injini kubwa kuliko cc 2000, lililopita miaka 10, limethaminiwa shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unapigwa juu ya jumla hiyo, nao ni milioni 2.5. Nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 ni milioni 7.5. VAT ya asilimia 18 ni milioni 6.3. Jumla ya kodi ni milioni 21.3, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe, na hapo hazijahesabiwa tozo ndogo ndogo, wakala wa forodha na usajili. Viwango hubadilika kwa bajeti, hivyo ni busara kuingiza aina na mwaka wa gari kwenye kikokotoo wiki ileile unayotaka kulipa.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Akiba inaisha bandarini, na kiti cha mtoto na matairi mapya vinaambiwa visubiri. Dawa yake ni kuviandika kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, mstari mmoja na nauli ya meli.

Hesabu mikanda, si viti

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Shirika hilohilo linaeleza kuwa mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria hadi nusu, na kwamba viti maalumu vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71.

Mkanda wa kisasa unaopita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo. Hata hivyo, magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu katikati ya siti ya nyuma, na mabenchi ya ubavuni mengi hayana mkanda kabisa. Mtoto aliyekaa ubavu hutupwa kuelekea mbele ya gari pindi dereva anapofunga breki ghafla, na hana cha kumzuia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mzazi amwombe muuzaji picha ya kila mkanda ukiwa umevutwa mpaka mwisho, pamoja na kifungio chake. Mkanda uliochanika, uliokakamaa au usiorudi wenyewe ubadilishwe. Kama watoto ni watatu, mikanda mizima ya nyuma iwe mitatu. Gari likifika, wazazi waangalie pia kava za siti. Mafundi wengi huzishona zikafunika vifungio, na mikanda ikabaki chini ya siti miaka yote.

Kumpakata mtoto hakumlindi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 7 huvutwa mbele kwa nguvu inayoweza kufikia kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuzuia mzigo huo. Kumzungushia mama na mtoto mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Mtoto mchanga anahitaji kiti kinachotazama nyuma ya gari, kilichofungwa siti ya nyuma. Akikizidi kwa kimo au uzito huhamia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake. Baadaye hukalia kiti cha kumwinua, mpaka mkanda wa watu wazima uweze kupita begani na kwenye nyonga bila kugusa shingo wala tumbo. Wengi hufikia hapo wakiwa na kimo cha sentimita 135 hadi 150, hivyo mtoto wa miaka 9 katika mfano wetu huenda bado anakihitaji. Mama mjamzito naye afunge mkanda, kipande cha chini kikipita chini ya tumbo.

Mfuko wa hewa uliozeeka

Magari ya kuanzia miaka ya 2000 yana suala jingine. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, zikiwamo Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru. Kemikali inayoujaza mfuko, amonia naitreti, huharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hali ambayo watu wa mkoa wa Tanga wanaijua vizuri. Ikilipuka inaweza kupasua kasha lake na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni. Marekani pekee, zaidi ya watu 20 wamefariki kwa sababu hiyo. Mamilioni ya magari yaliitwa kubadilishiwa kifaa hicho, na Takata ilitangaza kufilisika mwaka 2017.

Mzazi anaweza kuomba namba ya chasi na kuiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua. Ikionyesha gari liliitwa na halikutengenezwa, muuzaji alipeleke likarekebishwe hukohuko Japani, au atafutwe muuzaji mwingine. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi nayo iwake kidogo gari linapowashwa, kisha izime. Ikibaki inawaka, au ikiwa haiwaki kabisa, kuna tatizo. Na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Safari ya kwanza kutoka bandarini

Kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe ni karibu kilomita 300, kupitia Chalinze na Segera. Anayekwenda Handeni hukata kushoto Mkata. Ndiyo safari ya kwanza ya gari hilo katika barabara zetu, na mara nyingi huanza jioni, baada ya siku nzima ya kuhangaikia karatasi.

Kabla ya kuondoka, mwenye gari asome tarakimu 4 za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. Tarakimu 2314, kwa mfano, zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililopita miaka 10 libadilishwe hata kama kashata zake zinaonekana nzuri, maana raba huzeeka hata gari likiwa limesimama yadi. Breki, taa na maji ya injini vikaguliwe hukohuko mjini, na watoto wasiwemo katika safari hiyo.

Usiku si wa kujaribia gari. Korogwe haijasahau usiku wa Februari 3, 2023, pale Magila Gereza, Fuso na Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba kwenda Moshi zilipogongana na kuua zaidi ya watu 15. Kulala Dar es Salaam na kuondoka alfajiri kunagharimu chumba cha siku moja.

Likishafika nyumbani

Gari lililoegeshwa juani linaweza kuongezeka nyuzi joto 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika za kununua mkate, na milango ifungwe ili watoto wasigeuze gari mahali pa kujifichia.

Ekzosi iliyotoboka, jambo la kawaida kwa gari kuukuu, inaweza kuingiza ndani hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida kwa abiria wote ni dalili za kusimama, kushuka wote na kutafuta huduma ya afya. Asilale mtu ndani ya gari linalounguruma.

Kwa wanaofufua magari ya kale zaidi, kama Land Rover na Peugeot za miaka ya 1960, breki za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Fundi asipulize vumbi hilo kwa upepo. Alifute kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali na gereji. Magari hayo mengi pia hayakuja na mikanda, hivyo sehemu za kuifungia zitengenezwe na fundi anayejua kuzishikiza kwenye chuma imara, si kwenye bati.

Familia ya Handeni katika mfano wetu haikulazimika kuacha ndoto yake. Baba akiacha ile yenye mabenchi na kutafuta Land Cruiser ya miaka hiyohiyo yenye siti zinazotazama mbele na mikanda mitatu mizima nyuma, gumu lake analipata. Rimu mpya na redio kubwa vinaweza kusubiri mavuno yajayo. Kiti cha mtoto wa miezi 8 hakiwezi, kwa sababu mwakani kitakuwa kimeshampita, na safari za kliniki na za kwa bibi ni za mwaka huu.