Watoto Wamekula Saa Ngapi?

Usiku wa kwanza melini, mwanangu wa miaka miwili na nusu alilala na kijiko mkononi. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Supu ilikuwa imeshaondolewa, kuku alikuwa hajaletwa, na dada yake wa miaka mitano alikuwa chini ya meza akivua viatu. Tulikuwa tumeondoka bandari ya Miami jioni ile, watu wanne wa nyumba moja kutoka Minnesota, kwa safari tuliyoiwekea akiba miaka miwili. Tulichelewa kulipia, kwa hiyo tukapangiwa zamu ya pili ya chakula cha jioni, ile ya saa mbili na robo.

Kesho yake asubuhi nilimpigia mama simu ya video. Kwake Longisa, nchini Kenya, ilikuwa saa tisa alasiri, ameketi kibarazani akichambua sagaa. Hakuuliza bahari ikoje. Aliuliza, “Watoto wamekula saa ngapi?” Nilipomweleza, aliacha mboga akaniangalia. “Aliyepanga saa hizo alikuwa na watoto?”

Nimelifuatilia swali hilo tangu siku ile, na nawaandikia ninyi mnaofikiria kuwapeleka wadogo wenu safari kama hii. Mipango mingi ya mezani melini ni ya zamani kuliko meli zenyewe, na ukishajua ilikotoka, unajua ni lipi la kukubali na ni lipi la kuomba libadilishwe.

Tuanze na zamu. Saa za kula melini zilipangwa kwa hesabu ya viti. Meli kubwa za abiria za karne iliyopita zilibeba watu wengi kuliko waliotosha kwenye ukumbi wa chakula, na jikoni hapakuwezekana kuwapakulia wote kwa mpigo. Kwa hiyo abiria waligawanywa: wa kwanza wale, meza zipanguswe, vitambaa vibadilishwe, wa pili waingie. Sisi Wakenya tuliujua utaratibu huo bila kugusa bahari. Aliyepanda treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa, kabla haijaachia reli mpya ya SGR mwaka 2017, anamkumbuka mhudumu aliyepita kwenye ujia wa mabehewa akigonga marimba ndogo kuita watu wa zamu ya kwanza, kisha baadaye wa zamu ya pili. Nilisafiri nayo mara moja nikiwa mdogo. Baba alichukua zamu ya kwanza kabla hata hajaulizwa, na sikujua kwamba alikuwa anafanya hivyo kwa ajili yangu.

Meli za kitalii za leo hubeba abiria elfu tatu, elfu nne, nyingine zaidi, na hesabu ya viti ni ile ile. Zamu ya kwanza huanza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni. Ya pili huanza karibu saa mbili. Chakula chenyewe huja kwa hatua tatu au nne, na huchukua saa moja na nusu kwa urahisi. Fanya hesabu yako kwa mtoto anayelala saa mbili.

Katika meli za Waingereza mtoto mdogo hakuwa na zamu hata moja kati ya hizo. Alilishwa peke yake, mnamo saa kumi na moja jioni, mkate, yai, maziwa na kitu laini, halafu akapelekwa kulala ili wazazi wavae nguo rasmi na kwenda kula. Desturi hiyo ilifika hadi kwetu. Kampuni ya meli ya British India ilikuwa na meli mbili zenye majina tunayoyajua vizuri, Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952. Zilitoka London zikapitia mfereji wa Suez hadi Mombasa, kisha zikaendelea kusini. Familia za wakulima wa Kizungu, wakiwemo wa chai ya Kericho, zilisafiri kwa njia hiyo ya bahari zikienda likizo ndefu au zikirudi. Kutoka Mombasa walipanda treni hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion, ndipo wakapanda milimani kwa gari. Mtoto wa familia ya namna hiyo alikuwa ameshazoea kulishwa na yaya Mwafrika chumba kingine, mbali na meza ya wazazi wake. Melini alikuta mambo yale yale, ila sakafu ilikuwa inayumba.

Wafaransa walilipamba jambo hilo kuliko wote. Meli yao Normandie, iliyofunga safari yake ya kwanza mwaka 1935, ilikuwa na chumba cha chakula cha watoto peke yao, na kuta zake zilichorwa na Jean de Brunhoff, yule mtunzi wa hadithi za tembo Babar. Nimeona picha zake. Tembo wanapita ukutani kwa mstari, na ningependa sana binti yangu ale mahali kama hapo. Lakini hata pale, uzuri wote ule ulikuwa wa kumfanya mtoto akubali kukaa mbali na mama yake.

Kisha ndege zikaja. Kuanzia mwaka 1958, ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki, abiria walizikimbia meli. Ile Uganda iligeuzwa mwaka 1968 ikawa meli ya kuwatembeza wanafunzi. Kampuni mpya zikazaliwa, Royal Caribbean mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972, zikiuza safari yenyewe badala ya kumfikisha mtu aendako. Meli ikawa hoteli, lakini zamu mbili zilibaki. Mabadiliko makubwa yalichukua muda. Disney ilipozindua meli yake ya kwanza mwaka 1998, iliweka mikahawa mitatu ambayo familia huzunguka usiku baada ya usiku, na wahudumu wao wakizunguka nao, ili mtoto akutane na sura ile ile anayoijua. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian ikaacha kabisa saa maalum: njoo utakapo, keti palipo na nafasi. Kampuni nyingine zikaiga, na sasa meli nyingi hukupa uchaguzi kati ya saa maalum na saa huru. Saa huru inasikika vizuri, ila uliza kwanza foleni ya saa kumi na mbili ina urefu gani. Mtoto mwenye njaa akisimama dakika arobaini mlangoni, uhuru huo haukumsaidia.

Nirudi kwenye sahani yenyewe. Menyu ya watoto ilikuwa na vipande vya kuku wa kukaangwa, makaroni kwa jibini, hotidogi, chipsi, pitsa. Siku saba, menyu moja. Binti yangu, ambaye nyumbani hula mnavu na samaki bila vita, alijifunza kwa siku mbili kwamba watoto hula vyakula vya rangi ya manjano.

Menyu ya pekee ya mtoto nayo ina asili yake, na asili hiyo iko nchi kavu. Mwaka 1894 daktari mmoja wa New York, Emmett Holt, alichapisha kitabu cha kulea na kulisha watoto, ambacho wazazi wa Marekani walikifuata kwa miongo mingi. Holt aliogopa ladha. Viungo, vyakula vitamu, hata matunda mengi mabichi, vyote alionya visimkaribie mtoto mdogo. Chakula chake kiwe laini na kisicho na ladha kali. Halafu mwaka 1920 pombe ikapigwa marufuku nchini Marekani. Hoteli zilizokuwa zikiishi kwa faida ya mvinyo zikaanza kutafuta wateja wengine, na familia zikakaribishwa ambako zamani hazikutakiwa. Waldorf-Astoria ya New York ilikuwa na menyu ya watoto mwaka 1921, mojawapo ya za mwanzo kabisa. Ilikuwa kuku na wali na mboga, chakula ambacho mama angekikubali. Kilichobaki hadi leo ni ile fikra ya Holt kwamba mtoto hawezi kula anachokula mkubwa. Mvuke wa kuku na wali umepotea njiani, yakaja mafuta ya kukaangia.

Sasa turudi Longisa. Kwa msiojua, ni kule Bomet Mashariki, kwenye barabara inayotoka Narok, ukishavuka Mto Amala pale Mulot. Majani chai hasa yako juu zaidi, Konoin na kuelekea Kericho. Sisi ni watu wa mahindi, maharagwe na ng'ombe. Katika nyumba niliyokulia, watoto tulikula mapema. Kabla kimyet, yaani ugali, cha wakubwa hakijasongwa, mama alikuwa ametupakulia cha kwetu, tukazunguka sahani moja karibu na mafiga, na mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mboga zilikuwa zile zile za wakubwa, zimechemshwa na maziwa muda mrefu zaidi mpaka zilainike. Tulipokula tuliwasikia wakubwa wakizungumza. Usingizi ukitukamata, tulilala pale pale tukabebwa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mama na wale Waingereza wa saa kumi na moja hawakupishana kuhusu saa. Walipishana kuhusu umbali. Wote walijua mtoto ale kabla jua halijamchosha. Kwa mama, kula mapema hakukumwondoa mtoto kwenye moto.

Ndiyo maana siku ya pili nilikwenda kwa msimamizi wa ukumbi wa chakula, kabla ya chakula cha mchana, nikaomba tuhamishiwe zamu ya kwanza. Nenda mapema, nafasi huisha. Siku tuliyohama, mhudumu wetu alikuwa kijana wa Kilifi, na binti yangu aliposikia “karibu sana” alisahau kuwa na haya. Kijana huyu ndiye aliyenifundisha mengine. Sema chakula cha watoto kitangulie, kije pamoja na mkate, kisisubiri hatua za wakubwa. Agiza kutoka menyu ya wakubwa kwa sahani ndogo, hakuna anayekukataza. Wali mweupe jikoni haukosekani hata kama haujaandikwa. Maharagwe yapo, hasa meli za Karibi. Chai ya kuchemshwa na maziwa sufuria moja waliitengeneza tulipoomba siku moja kabla, na kwangu mimi ile ilikuwa nusu ya likizo. Kabla ya hapo tulipewa maji moto na kifuko cha majani, pengine majani ya milima yetu wenyewe, yaliyopita mnada wa Mombasa.

Mwenye mtoto mchanga ajue kwamba kampuni nyingi kubwa hazipokei mtoto aliye chini ya miezi sita, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari hutaka atimize mwaka. Maziwa ya kopo ubebe yako, ya kutosha siku zote na mbili za ziada. Klabu za watoto huwapa chakula cha jioni pia, kwa kawaida kuanzia miaka mitatu, kwa wasiovaa nepi. Tulimpeleka binti yetu mara moja, usiku wa kumbukumbu ya ndoa yetu, na sikujilaumu.

Jambo ambalo sitalipuuza ni mikono. Bufee ina koleo moja linaloshikwa na mamia ya watu, na kirusi cha noro, kile cha kutapika na kuhara, hupita hapo hapo. Dawa ya mkono ya pombe haikiwezi vizuri; sabuni na maji ndivyo vinavyokiondoa. Serikali ya Marekani, kupitia CDC, idara yake ya kudhibiti magonjwa, imekuwa ikikagua usafi wa meli zinazotia nanga bandari zake tangu miaka ya 1970 na kuzipa alama kati ya 100. Meli ikipata 85 au chini yake imeanguka, na matokeo yako wazi kwa kila mtu. Soma kabla ya kulipa. Nyumbani kwetu mtoto hakuketi kabla hajamwagiwa maji kwa jagi juu ya karai, na melini nilirudia hilo kwenye sinki la chumba chetu kila mlo, watoto wakiwa wamesimama juu ya sanduku la nguo.

Siku ya mwisho tulipiga simu saa sita mchana, maana kule Longisa ilikuwa saa moja jioni na mama alikuwa mezani. Binti yangu aliigeuza simu amwonyeshe Kogo, bibi yake, sahani yake: wali, maharagwe, samaki, kipande cha embe. Mama alisogeza uso karibu na kioo, akaitazama sahani ile kwa makini mpaka pembeni.

“Na mboga ziko wapi?”

Mtoto akashuka kitini akaenda kumtafuta yule kijana wa Kilifi.