Mabinti Walioshikilia Nyumba za Lamu
Mwaka 1907 utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na biashara ikiwa imeshavutwa na reli ya Mombasa, waungwana wa Lamu walipoteza mali nyingi. Hata hivyo, koo nyingi zilibaki katika nyumba zao za mawe. Kwa uimara wa nyumba hizo, wengi husifu matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Lakini mji wa Takwa, kisiwani Manda, ulijengwa kwa vitu hivyo hivyo na leo ni magofu. Watu waliuhama, na nyumba isiyokaliwa haipakwi chokaa, mvua hupenya, boriti huoza. Kilichozidumisha za Lamu, naamini, ni desturi: binti alipoolewa alipewa nyumba au sehemu yake, na mume akahamia kwake. Nafasi ilipobana, waliongeza ghorofa, au wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro.

Atasema mtu kwamba hiyo ilikuwa neema ya wachache, na kwamba kuta hizo zilisimamishwa kwa jasho la watumwa. Ni kweli, wala haifai kufichwa. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wanaousimulia wasiishie kwenye milango ya nakshi, wawataje mabinti waliozirithi nyumba hizi na watumwa waliozijenga.