Nyumba ya Magurudumu Ufukweni mwa Mweru: Ipime kwa Desemba

Mtu anayetaka kuishi barabarani mwaka mzima huanza kukagua jiko, kitanda na kochi. Kwa ufukwe wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi kaskazini kuelekea Chiengi, ni afadhali aanze na Desemba. Mvua ya mkoa wa Luapula, ambayo kwa mwaka hupita milimita 1,000, inakuwa imeshika kasi. Njia za udongo zinazoshuka ziwani zimelainika na mbu wamezaana. Tangu tarehe mosi uvuvi umefungwa hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo hata aliyekuja kwa biashara ya samaki hana shughuli. Huo ndio wakati wa kung'oa nanga kwenda kwingine, na nyumba itakayokwama hapo itakuwa kibanda kilichonunuliwa kwa bei ya kasri.

Chaguo la kwanza huletwa na ndugu zetu waliokaa Marekani miaka mingi, wakaona wastaafu wa kule wakiishi kwenye semi za kuishi. Semi hiyo ni tela refu ambalo shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kufungwa kwa pini, juu ya ekseli ya nyuma, kama tela la lori linavyokaa juu ya kichwa chake. Ina chumba cha kulala cha ghorofani, bafu la mtu kusimama wima, friji kubwa, na kuta zinazosukumwa nje kwa umeme hadi sebule inapanuka. Sitaibeza. Kwa kuwa uzito wake unakaa juu ya ekseli badala ya kuning'inia nyuma ya bampa, haiyumbi ovyo upepo unapovuma, na kwenye lami pana ndiyo inayovutika kwa utulivu kuliko tela lolote la kuishi.

Tatizo lake linaanzia kwenye mizani. Semi ya wastani ikiwa tupu ina tani nne na nusu hivi. Weka maji, gesi, vyombo, nguo na chakula, inafika tani sita bila wewe kuona. Kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito huo hukalia gari linalovuta, yaani kilo 1,200 hadi 1,500. Sasa chukua gari ambalo kila fundi kuanzia Tunduma hadi Mansa analijua, Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 79. Inaruhusiwa kuvuta tani tatu na nusu, na bodi yake hubeba kama tani moja. Inashindwa mara mbili: uzito wa kuvuta umezidi, na uzito wa kubeba umezidi hata kabla dereva hajapanda. Hilux nayo haina nafuu. Anayekuambia kwamba springi ikiongezwa majani mambo yatakwenda anakuuzia springi. Breki, chesisi na difu hazikuongezwa kitu. Kwa anayetoka Dar es Salaam, mlima wa Kitonga utamfundisha hesabu hiyo kwa ukali.

Kwa hiyo semi inadai pia pikapu kubwa ya Kimarekani, Ford F-350 au Ram 3500, na hapo bei inakuwa ya magari mawili. Semi mpya yenye hadhi ya kuishiwa mwaka mzima huanzia kama dola 50,000 na hupita 100,000 kwa urahisi. Pikapu mpya ya kuivuta nayo haipungui sana hapo. Usukani wake uko kushoto, katika nchi zinazoendesha kushoto. Kulipita lori kwenye barabara ya Tunduma bila kuona mbele ni hatari ambayo nisingependa mtu aizoee. Mlango wa semi nao uko kulia, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara Zambia, watoto wanashukia kwenye magari yanayopita.

Halafu kuna meli. Kontena la kawaida lina upana wa ndani wa mita 2.35, semi ina karibu mita 2.6, na kimo chake hukaribia mita nne. Haiingii. Itabidi isafirishwe kwa meli ya magari, ambako nauli huhesabiwa kwa ujazo. Semi ya mita 12 inachukua kama mita za ujazo 125, wakati Land Cruiser inachukua takriban 18. Utalipia nafasi ya magari saba, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa ya sebuleni.

Ikishafika, umeme wake ni volti 120, wa ZESCO, shirika la umeme la Zambia, ni 230. Matairi yake ni ya saizi za matela ya Marekani, na kwenye duka la matairi la Mansa muuzaji atakuonyesha 7.50-16 za lori dogo la Kanta na Land Cruiser. Breki zake ni za umeme na zinahitaji kifaa maalumu ndani ya gari linalovuta. Kikiharibika, huna breki za tela. Ukuta unaosukumwa nje ukigoma kurudi mvua ikinyesha, huwezi kuondoka. Kwa fedha hizo mtu anajenga nyumba ya matofali Nchelenge, anachimba kisima, na bado ananunua gari la kutembelea.

Chaguo la pili ni karavani ya Afrika Kusini. Watu wa huko wana desturi ndefu ya kusafiri na nyumba nyuma ya gari, na barabara zao za vumbi zinafanana na zetu. Majina ya zamani, Sprite, Gypsey na Jurgens, bado yanauzwa kwa mkono wa pili. Ya kawaida inaweza kupatikana kati ya randi 80,000 na 200,000 kulingana na umri. Ila hizo zilitengenezwa kwa lami na kambi zenye nyasi. Kwenye barabara yenye mashimo, kabati hulegea, skrubu hutoka, na vumbi jekundu huingia hadi kwenye mito. Zile za barabara mbaya, kama za Conqueror, zina chesisi ya chuma kizito, matairi sawa na ya gari linalovuta na tumbo lililoinuliwa juu. Bei yake mpya ni mamia ya maelfu ya randi, nyingine zinakaribia milioni, na vyumba ni vidogo. Uzito wake mara nyingi uko chini ya tani mbili. Land Cruiser inavuta, Hilux inavuta, na breki zake hufanya kazi kwa msukumo wa tela lenyewe bila kutegemea waya.

Faida kubwa ya karavani huonekana siku ya tatu. Unaiacha imefungwa, unakwenda Kashikishi kununua chisense, wale dagaa wa Mweru, ukitumia gari peke yake. Ukiamua kupanda boti kwenda Kisiwa cha Kilwa, au ng'ambo Kilwa ya Kongo ambako utajibiwa kwa Kiswahili cha Katanga, nyumba inabaki. Lakini inabaki kwa nani? Iache ndani ya uzio wa loji au gesti kwa malipo mliyokubaliana, wala usiiache ufukweni. Pale ufukweni ni mahali pa kazi: mchanga ule ndio unaoanikiwa samaki, boti hushushwa alfajiri, na mgeni anayeegesha hapo kwa ajili ya mandhari anaziba njia ya riziki ya watu. Ongea kwanza na mkuu wa kijiji.

Chaguo la tatu ndilo ninalolipendelea kwa mtu anayefanya kazi huku akisafiri: Mitsubishi Canter, au kama wote tunavyoiita, Kanta, yenye bodi ya boksi iliyogeuzwa chumba. Usukani uko kulia, zimejaa kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, na iliyotumika vizuri hupatikana kwa dola 5,000 hadi 12,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Bodi ya boksi iliyokuwa ya friji ina kuta nene zenye povu ndani, hivyo joto la mchana wa Oktoba halipenyi sana na mvua ikigonga usiku unasikia kwa mbali. Seremala na mchomeleaji wa mtaani wanamaliza kitanda, meza, jiko la gesi na madirisha. Kubeba tani tatu ni kazi yake ya kila siku, kwa hiyo lita 200 za maji, sawa na kilo 200, haziisumbui.

Kasoro yake ni kwamba kila safari ya kununua nyanya inaondoka na kitanda. Pikipiki ndogo au baiskeli iliyofungwa nyuma inalimaliza hilo, na Luapula ni mkoa wa waendesha baiskeli. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: Kanta nyingi zinasukuma magurudumu ya nyuma tu. Kwenye tope huteleza. Tafuta yenye kusukuma magurudumu yote manne, hata kama ni kuukuu zaidi. Basi dogo la Coaster linapendeza ndani na watu wengi huligeuza nyumba, lakini tumbo lake liko chini mno kwa njia za Mweru wakati wa masika. Ningelichagua kwa anayekaa pwani.

Kuhusu hema la juu ya gari pamoja na kulala gesti mara kwa mara, nitasema kwa ufupi. Dola 1,000 hadi 3,000 kwa hema, na umemaliza. Kwa miezi mitano ya kiangazi, Mei hadi Septemba, ni chaguo zuri kuliko yote. Unalala kambini kwenye maporomoko ya Lumangwe na kesho yake uko ziwani. Kwa mwaka mzima, hapana. Turubai halikauki Januari.

Mafuta nayo yahesabiwe. Pikapu kubwa yenye semi inakula lita 22 hadi 25 kwa kilomita 100. Land Cruiser yenye karavani nyepesi kama 15 au 16. Kanta ya boksi 12 hadi 15 kwa mwendo wa pole. Kwa kila kilomita 1,000, semi inakugharimu karibu lita 100 zaidi ya Kanta. Anayehama kila wiki atalisikia hilo mfukoni kabla ya mwaka kwisha.

Kuna mambo ambayo muuzaji hayataji kwa sababu hayaonekani kwenye picha. La kwanza ni mbu. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kuliko zote Zambia, na watafiti wamekuwa wakikaa pale kwa miaka kuichunguza. Nyumba ya magurudumu yenye madirisha mazuri lakini wavu uliochanika haifai hapa hata kwa bure. Fumba kila tundu: sakafuni panapopita mabomba, juu kwenye kipoza hewa, pembeni mwa mlango. Kisha weka chandarua chenye dawa juu ya kitanda vilevile.

La pili ni choo. Semi ya Marekani hukusanya kinyesi kwenye tangi la lita 100 na zaidi, likitegemea vituo vya kumwagia ambavyo viko kila kambi kule. Ufukwe wa Mweru hauna. Kambi za wavuvi zimepata kipindupindu zaidi ya mara moja, na watu wanakunywa maji ya ziwa hilo hilo. Kwa hiyo choo chenye kisanduku cha kuchomoa, cha lita 20 hivi, unachokwenda kukimwaga kwenye choo cha shimo kwa ruhusa ya mwenyewe, ndicho pekee ninachoweza kukipendekeza kwa moyo safi. Kimwagie maji tu au dawa isiyoua shimo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na kuogelea kuna kichocho na mamba.

Umeme ni rahisi kuupanga ukikubali kukosa kiyoyozi. Friji ndogo ya volti 12 hula kama nusu uniti kwa siku. Paneli za wati 400 zinaitosha hata wingu likitanda siku mbili, betri ikiwa ya lithiamu na yenye ukubwa wa kutosha. Kiyoyozi cha semi kinavuta karibu kilowati moja na nusu kikiwaka. Hicho ni cha kutegemea ZESCO au jenereta, na wote tuliona mgawo wa umeme wa 2024 bwawa la Kariba lilipopungua maji. Sogea karibu na ziwa, fungua madirisha yenye wavu, upepo wa usiku upo.

Karatasi zina gharama yake. Chombo chenye namba za Tanzania huingia Zambia kwenye mpaka wa Nakonde kwa kibali cha muda, na bima ya kadi ya njano ya COMESA inakubalika pande zote mbili. Anayetaka kubaki Zambia kama mkazi atalipa ushuru na VAT ya asilimia 16, na chombo kitahitaji uthibitisho wa Interpol. Tela halina injini, hivyo tozo ya hewa ukaa inayohesabiwa kwa ukubwa wa injini hailigusi; Kanta inaguswa. Na kabla hujavuta chochote kizito, hakikisha leseni yako ina daraja la kuvuta tela, maana bima hutafuta sababu ya kutolipa.

Ukienda kukagua, nenda mvua inaponyesha, au omba bodi imwagiwe maji kwa mpira kwa dakika 20. Kisha ingia ndani, bonyeza kwa kidole gumba pembe za dari, chini ya madirisha na sakafu karibu na mlango. Panapobonyea, mbao imeoza ndani. Inua kila gurudumu kwa jaki ulizungushe ukisikiliza beringi, kagua weldi za chesisi pale shingo inapoungana na fremu, na soma mwaka ulioandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu tairi la tela huchakaa kwa kusimama. Mwisho pitisha chombo chote kwenye mizani kikiwa na maji, gesi na watu watakaokaa ndani, ndipo ukubaliane bei.