Bahla: Mtungi wa udongo na somo la kutosheka

BAHLA, Oman – Katika mji huu wa Dakhiliyah unaosifika kwa ufinyanzi, mtungi wa udongo hupoza maji bila umeme. Maji huvuja taratibu hadi nje ya udongo, hukaushwa na upepo, na yaliyobaki ndani hupoa.

Ngome ya Bahla nayo ilijengwa kwa matofali ya udongo. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, ikaitangaza kuwa hatarini mwaka 1988, na kuiondoa katika orodha hiyo mwaka 2004 baada ya matengenezo. Mashamba ya mitende hunyweshwa kwa falaji, kila mtu kwa zamu yake. Muda ukiisha, maji huenda kwa jirani.

Waomani wanaozungumza Kiswahili walijifunza kuishi na kidogo kwa uchungu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, wengi waliacha nyumba na mashamba ya mikarafuu. Walioingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 walianza upya.

Lakini kunyang'anywa si kutosheka. Sisi tuliolazimika kuhama makwetu mara nyingi hufidia machungu kwa kujaza vitu nyumba za ugenini, tena kwa mkopo. Mwenye kutosheka huchagua mwenyewe.

Ndugu msomaji, kabla ya kukopa ununue televisheni ya pili, jiulize: ukiambiwa uondoke usiku huu, utabeba nini?