Kuvu Iliyoua Watu 125 Kenya, na Ndugu Yake Anayelinda Mahindi Yako

Uko zako Githurai, simu inalia: gunia la mahindi kutoka ushago limefika steji. Unafurahi, maana bei ya unga dukani ni noma. Lakini kabla hujapeleka hayo mahindi posho mill, nipe dakika mbili tu.

Mwaka wa 2004, watu walianza kujaa hospitali za Makueni na Kitui. Macho manjano, tumbo limefura, wanatapika. Kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Hawakuwa wamekunywa kitu haramu. Walikula tu chakula cha kila siku, mahindi.

Nani alifanya hii kitu?

Ni kuvu inaitwa Aspergillus flavus. Iko kwa udongo kila mahali, inakula majani na mabua yaliyooza, halafu mbegu zake zinapeperushwa na upepo. Mahindi yakipigwa na ukame, kuvu inaingia kwa gunzi. Ukivuna na uweke yakiwa na unyevu, inazaana vibaya sana. Huo mwaka, wengi walioumwa walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba.

Kuvu ikishamiri, inatoa sumu inaitwa aflatoksini, na hii inaenda moja kwa moja kwa ini. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20 kwa bilioni. Kuna mahindi yalipimwa yakapatikana na 4,400!

Na usidhani moto utakuokoa. Hata usonge ugali mpaka mwiko uvunjike, sumu inabaki. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, hutaanguka leo, lakini unajiweka kwa hatari ya saratani ya ini. Kuvu yenyewe pia inaweza kushambulia mapafu ya mtu ambaye kinga yake imeshuka.

Na si shida ya ushago pekee. Novemba 2019, KEBS ilisimamisha brandi tano za unga kwa sababu ya hii hii sumu.

Sasa skiza hii

Wanasayansi waligundua kuwa si kila flavus ni mbaya. Ziko ukoo tofauti tofauti. Ule wa 2004 ulikuwa hatari kupindukia, lakini kuna ndugu zake kwa udongo huo huo wa Kenya ambao hawawezi kabisa kutengeneza sumu.

Wakachukua ndugu wanne wapole, wakawapaka kwa punje za mtama, ikawa dawa inaitwa Aflasafe KE01. Ilisajiliwa 2015, na kiwanda kiko KALRO Katumani, Machakos. Mkulima anamwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili ama tatu kabla mahindi yatoe maua, udongo ukiwa na unyevu.

Inafanya aje? Fikiria mathree. Wapole wakishajaza viti vyote, yule mkora akifika steji hakuna pa kukaa. Mara nyingi sumu inapungua kwa asilimia 80 na zaidi.

Hii familia hata ina binamu maarufu Japani, Aspergillus oryzae. Ndiye anatumika kutengeneza sosi ya soya.

Wewe ufanye nini?

- Waambie watu wa nyumbani waanike mahindi juu ya turubai, si kwa udongo, na wayaweke juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Jaribu hii: tia mahindi na chumvi kavu kwa chupa kavu ya glasi, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado hayajakauka. Rudisha kwa jua.
- Toa punje zilizooza, zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu. Lakini kumbuka, hata punje safi kwa macho inaweza kuwa na sumu.
- Mahindi yameoza? Usipatie ng'ombe. Sumu inakurudia kwa maziwa. Kuku pia usiwape, na usitengeneze busaa.

Kwa hivyo leo jioni pigia shosh simu. Msalimie kwanza, halafu umuulize aliyaanika siku ngapi. Hilo swali moja lingeokoa watu wengi sana Makueni na Kitui.